Niliulizia Mahali

Kanja, 28 Agosti 1994

Kwa Shangazi Lydiah,

Kuna jambo sijamwambia mtu, lakini nikusalimu kwanza. Hujambo? Huku tu wazima, ila mguu wa Baba bado unamsumbua.

Siku uliponituma kilimani nione kijiji cha kale kwa kazi ya mwalimu wa historia, nilikuambia nilikuta watu wametoka. Nilidanganya. Niliona yote: handaki la vita, gaaru walimolala vijana wa zamani, mizinga ya nyuki, mtama ukiteremka mpaka tambarare. Kulipendeza hata nikasahau haya, nikamwendea Mzee Mukiri, mwenye kijiji hicho, na Kiswahili cha shule. Nilitaka kusema nimekuja kuulizia mahali pa kale. Lakini unaujua ulimi wetu wa Embu, L ikifika mdomoni inakuwa R. Nikasema nimekuja kuulizia mahari.

Akauliza, "Ya nani?"

Nikajibu, "Ya hapa kwenu."

Mkewe akauliza kama ni Mwenda. Nikaitikia, kwa kuwa uliniambia mwana wao Mwenda ndiye hutembeza wageni. Akaniletea uji, akanitazama tumbo, akaongeza kikombe cha pili. Halafu akaniuliza ni miezi mingapi. Nikadhani ni ya mtihani wa Fomu Foo, nikamwambia mitatu.

Nilipofika bondeni ndipo nikasikia neno langu mwenyewe. Nilikimbia mpaka kwako.

Tafadhali uwaeleze. Mimi siwezi.

Mtoto wa kaka yako,
Wambeti

---

Mikinduri, 5 Septemba 1994

Mwanangu Wambeti,

Salamu nyingi, na mguu wa kaka upakwe mafuta. Mimi sijambo, ila mbavu zinauma kwa kucheka. Nilicheka mpaka nilipopanda kule juu.

Mwenda ameapa kwa Biblia hajawahi kukuona. Babake akamjibu kwamba hata yeye aliapa hivyo. Nilipoeleza habari ya L na R, Mama Mwenda akanishika mkono akasema ananielewa, aibu ya nyumba lazima shangazi aifunike.

Sasa hapa sicheki. Mwenda anatakiwa kuripoti chuo cha ualimu Jumatatu tarehe kumi na mbili, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Mzee amelifungia sanduku lake mpaka jambo liishe. Jumamosi anakuja kwenu na wazee wawili, mbuzi na asali. Maneno yangu hawayataki. Mwambie baba yako kabla hawajafika.

Shangazi yako,
Lydiah

---

Kanja, 10 Septemba 1994

Kwa Shangazi,

Habari za tangu Jumatatu? Barua yako imefika leo asubuhi, na wageni wamefika saa sita.

Nimemwendea Baba mara tatu. Mara ya kwanza nikamuuliza kama anataka chai. Ya pili pia. Ya tatu akasema nikimpenda hivi mchana kutwa atapasuka.

Mbuzi amefungwa kwenye mparachichi. Mzee Mukiri ananisifu, anasema nilikunywa uji wote. Baba anauliza ni uji gani.

Kwa hiyo nimemwandikia Baba yote kwenye karatasi nyingine, kuanzia mwalimu wa historia mpaka sanduku la Mwenda. Kalamu yangu haikosei L.

Ameniita. Sasa anakuja, namjua kwa ule mguu. Siku zote mtu akikaribia mlango hufunika ninachoandika kwa atlasi. Atlasi nimeiweka chini ya kitanda. Karatasi yake iko mezani, imegeukia mlangoni, na