Mbuyi wawili mu nyumba moja

Abi, uko? Bwana yangu alijifungia mu chambre, hataki kutoka. Élie na mudomo yake yote!

Unajua vile alijisifu. Kwetu kuko laini mbili za internet, moja ya nguvu, moja zaifu. Leo tunazika tantine, na papa yangu, kaka yake, eko mugonjwa kule Kananga. Élie alimuambia: «Beau-père, utaona yote ku vidéo.»

Alipanga mu routeur: téléphone ya Mbuyi, ule anapiga vidéo, ipite ku laini ya nguvu. Bengine bote babakie ku ile zaifu.

Lakini Abi, kwetu Baluba, kila pacha wa kwanza ni Mbuyi, nyumba gani inakosa Mbuyi wawili??

Banaanza kufunga sanduku, kwa papa picha inaganda. Inaganda!! Na mu cuisine Mbuyi ule mwingine anaangalia théâtre ku téléphone yake, inapita muzuri kabisa, anacheka na sauti ya juu.

Papa alisikia, akauliza pole pole: «Élie, banacheka dada yangu?»

Élie alifungua routeur: aliandika jina ya Mbuyi wa mu cuisine! Alibadilisha ile jina mu routeur, picha ikarudi safi.

Sanduku ilishafungwa.

Papa akasema: «Merci, mutoto yangu.»

Merci, Abi. Alimuambia merci!