Tangi la Kulia

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Mimi mwili mzima, ila barua hii naiandika nikiwa nimeipakata magotini. Ukiona mwandiko umekwenda mrama, nivumilie.

Ulisikia juu juu tu yaliyotupata, acha nikueleze. Asubuhi ile nilimpakia ndegeni yule daktari wa mifugo na masanduku yake ya chanjo, safari ya saa moja na nusu. Njiani nikakwepa wingu kubwa, na baada ya hapo sikulinganisha na dira kile kifaa cha mwelekeo, ambacho hupotoka kidogo kidogo, kazi ya sekunde tano. Mto niliotarajia kuuona upande wa kulia haukuonekana. Daktari akauliza kama tumepotea. Nikacheka, nikamwambia angani hakuna njia panda. Mto ulipojitokeza, upande wa kushoto, saa mbili zilishakatika, na macho yangu yote yako kwenye ramani.

Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kaka, ule ukimya! Nilisikia upepo kwenye mabawa na daktari akimwita mama yake. Kichwani sikuwa na wazo hata moja. Nikaishusha ndege kwenye shamba la mahindi. Gurudumu la mbele likang'oka, tukaburuzika hadi kwenye tuta. Daktari alivunjika mguu. Mimi sikupata hata mkwaruzo.

Mkaguzi alipofika alikuta tangi la kushoto limekauka, la kulia lina mafuta hadi nusu, na kishikio cha kuchagulia injini inywe tangi lipi kimeelekea kulia. Akasema basi mafuta yalikuwepo, ila hayakufika kwenye injini, na aliyeifungua pampu ya mafuta wiki ile ni fundi mmoja tu: wewe. Ndipo wakakusimamisha kazi. Mama alinipigia akilia, akiuliza imekuwaje mwanawe mkubwa akafanya uzembe wa kutaka kumuua mdogo wake. Nikamjibu kwamba hata mimi sielewi.

Nilielewa, Kaka. Pampu yako haikuwa na kasoro hata chembe. Nilihangaika na mto nikasahau kubadilisha tangi. Injini ilizimika kwa kiu, na mafuta tele yako kwenye bawa la pili.

Tena si hilo tu. Nilipokwisha kumtoa daktari nje, nilirudi ndani ya ndege. Akiwa amelala pale kwenye mahindi aliniuliza, "Unafuata nini tena humo?" Nikamwambia sanduku la huduma ya kwanza. Kishikio kilikuwa bado kimeelekea kushoto. Nikakigeuza kulia. Ningependa kukuambia nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini nilitazama kwanza dirishani kama kuna mtu anaona.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mkaguzi nikamwambia yote. Hakunifokea. Aliweka kalamu chini, akanitazama, kisha akanyoosha mkono nimpe leseni. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema bado.

Watakuita urudi kazini. Usikatae kwa hasira juu yangu. Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu umsomee mama barua hii, maana amenipigia mara tatu tangu asubuhi nami nimekaa naitazama simu ikiita.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, kama wifi ataruhusu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba