Nilishindana na Kashindye Uwanjani Magu

Mpendwa Mama Prudencia, shikamoo. Naomba msaada, na usinicheke mtu mzima wa miaka thelathini na saba kulilia bendi. Mwaka 2011 mimi na rafiki yangu Kashindye tulianzisha bendi ya roki hapa Igoma, mimi dramu, yeye gitaa na sauti, tukifanya mazoezi nyuma ya mashine ya kusaga ili kelele zake zifunike zetu, redio zikatukataa, tukarekodi albamu wenyewe chumbani magodoro yakiwa ukutani, tukaiuza mkononi Magu, Sengerema hadi Bukoba, watu wakasema tuna mapepo lakini wakacheza. Mwaka 2018 tukagombana, mimi nilitaka tupige harusini, yeye hataki, nikaondoka nikaunda bendi yangu. Hapo ndipo shetani aliponiingia, nikamwita tushindane kwa mtindo wa ngoma zetu za Kisukuma, makundi mawili uwanja mmoja kwa wakati mmoja na watu wakimbilie wanakopenda, nami nikapiga nyimbo zilezile tulizotunga wote, wakahamia kwangu wote, hata mama yake mzazi. Kashindye akazima spika katikati ya wimbo, akarudi kwao hukohuko Magu kulima mpunga, hajashika gitaa tena. Nimemkumbuka mno, Mama. Naalikwa kila wiki, lakini kila nikipiga nasubiri sauti yake iingie na haiingii. Sasa tamasha moja linataka bendi ile ya zamani, nami nimeshakubali bila kumwuliza. Nimshawishije?

Malimi, Igoma

Marahaba, Malimi. Pole sana, najua upweke huo hautibiwi na makofi ya watu. Ila acha nikuseme. Kushindana si kosa, ni desturi yenu. Kosa ni kumwangusha mtu kwa nyimbo alizotunga mwenyewe, mama yake akiona, halafu ukakaa miaka yote hiyo bila kubisha hodi kwake. Na leo umemwahidi kwa watu utadhani ni spika ya kuazimisha!

Wapigie wenye tamasha leo hii, waambie ulikurupuka. Jumamosi nenda Magu, umsalimie mama yake kwanza, kisha umfuate shambani, ukunje suruali uingie majarubani. Mwombe radhi. Tamasha usilitaje, na vijiti vya dramu viache nyumbani. Asipotaka kupiga tena maisha yake yote, ni haki yake. Wewe hukumkosea mpiga gitaa, ulimkosea rafiki, na rafiki huyo yu hai, mwendo wa saa moja tu kutoka hapo ulipo.