Mbu Sita na Chujio la Kijani

Ghorofa ya Kwanza, Mlango wa Tatu,
S.L.P. 417.
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, Profesa wetu wa utani,

Hujambo wewe, hajambo wifi yangu, hawajambo wanangu? Sisi huku tunaendelea vizuri, kwa kiasi cha watu wa umri wetu. Shemeji yako goti lilimsumbua wiki mbili, sasa anapanda ngazi akinung'unika, na akinung'unika ujue amepona. Mimi nina afya njema, ila kuna jambo la macho ambalo nitalifikia. Usirukie chini. Soma kwa mpangilio kama mtu mzima.

Usishangae pia herufi zangu kuwa kubwa kama za darasa la kwanza. Natumia ile kalamu nene tunayoandikia makopo kazini.

Picha ya mwanao wa mwisho imefika. Meno ya mbele ni yako yaleyale, pole yake. Shemeji yako ameibandika ukutani juu ya redio na kila anayeingia anaulizwa kafanana na nani.

Barua yako ilinitia huzuni uliposema malaria ilikulaza siku nane, kisha ikanichekesha ulipouliza kama ukija likizo utatuletea malaria ya huko, ienee mtaani kwetu. Hapo umemuuliza mwenyewe. Wenzangu wanafuga kuku na mbuzi, mimi mwaka wa kumi na tisa huu nafuga mbu, na swali lako ndilo linalofanyiwa kazi katika chumba changu.

Iko hivi. Mbu akishanyonya damu ya mgonjwa, kimelea cha malaria bado hakijafika kokote. Ni lazima kipenye ukuta wa tumbo la mbu, na mbu naye ana askari wake mwilini wanaoua kila kitu kigeni. Kimelea kilichozoeana na mbu wa huko kwenu kina kitu juu ya mwili wake, kitu kilichoandikwa ndani ya jeni zake, kinachowafanya askari wa mbu hao wakiache kipite. Kikiingia kwa mbu wetu wa hapa, kitu kile hakilingani, na kinamalizwa palepale ukutani.

Lakini usianze kujitapa. Katika maelfu ya vimelea hakikosekani kimoja ambacho jeni yake imebadilika kidogo, na kikipita hicho, kizazi chake chote kitapita. Ndivyo malaria ilivyovuka bahari ndani ya damu za watu na kuzoea mbu wa kila ilikofika. Wala hakuna kimelea kilichojifunza chochote. Visivyofaa vilikufa, vilivyofaa vikazaa, basi. Kwa hiyo meza dawa zako mpaka kidonge cha mwisho, ndipo uje.

Daktari wetu wa utafiti anataka kujua kupenya huko hutokea kwa urahisi kiasi gani. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, naye ananiita Mama Mbu mbele ya wageni bila haya. Tunafuga mbu wa aina mbili katika vyumba viwili, wa hapa na wa ng'ambo. Kwa macho ni pacha. Ukiwachanganya huwatambui tena, mpaka upime jeni zao.

Ndiyo maana kila chumba kina vyombo vyake. Viluwiluwi tunawahamisha kutoka beseni hadi beseni kwa chujio la chai, la kijani kwa mbu wa hapa, la bluu kwa wa ng'ambo, kila moja likitundikwa kwenye msumari wake ukutani. Kiluwiluwi mdogo hujibanza katika matundu ya chujio hata ukilisuuza mara tatu. Chujio likivuka mlango, mbu amevuka. Sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe na nimewagombeza wengi kwa ajili yake.

Mwezi uliopita Daktari aliwanywesha mbu sitini wa hapa damu yenye vimelea vya ng'ambo. Baada ya siku tisa akawapasua mmoja mmoja chini ya darubini, akitafuta vile vivimbe vinavyoonyesha kwamba kimelea kimepenya tumbo. Alitarajia asikute hata kimoja. Akakuta kwa mbu sita. Alikuja chumbani kwangu na glavu mkononi akanikumbatia, nami nikalia machozi ya furaha kwa niaba yake. Wiki ileile alianza kuandika taarifa kwa wakubwa wa mradi, kwamba huenda kimelea cha ng'ambo kimeanza kuwazoea mbu wetu. Habari kama hiyo, Profesa, inabadilisha mipango ya watu wengi.

Siku nne baadaye mama anayetufanyia usafi aliniuliza kwa nini siku hizi chujio la kijani linakaa kwa wa ng'ambo na la bluu kwa wa hapa. Aliuliza tu, huku anakamua tambara. Nilichukua tochi nikaenda kuyatazama kwa karibu.

Kumbe mafundi wa rangi, walipopaka kuta, waliondoa machujio yote na kuyarudisha kila moja kwenye msumari wa mwenzake. Nami nikayachukua hivyohivyo nikahamisha viluwiluwi, walewale waliokuja kuwa mbu sitini wa Daktari.

Utaniuliza, dada, hukuiona rangi? Sikuiona. Sasa nakuungamia, maana nimekudanganya katika barua tatu mfululizo. Ulipouliza kuhusu macho nilijibu kwamba yako salama. Hayako salama. Kila kitu nakiona kama kupitia chai hafifu, na bluu na kijani katika kile chumba chenye taa ndogo ni rangi moja. Nilikuwa nafuata misumari, sifuati rangi. Sikumwambia mtu, hata shemeji yako. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na niliona wazi kwamba mfuga mbu asiyetofautisha machujio atapewa mkono wa kwaheri. Kazi hii naipenda. Nilidhani nitaivusha kimyakimya.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ni tatu. Kila nikimwona Daktari anaandika kwa bidii nilikuwa nageuka njia ya choo. Siku ya nne nikaingia ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamweleza habari ya misumari na machujio.

Hakufoka. Kila mbu anayepasuliwa, miguu yake huhifadhiwa katika kichupa chenye namba, ikihitajika ipimwe jeni. Akatoa vichupa vya wale sita akavipeleka kupimwa. Jumanne ya tarehe mbili majibu yakarudi. Wote sita walikuwa mbu wa ng'ambo, waliojibanza kwenye chujio langu. Vimelea vile vilipenya kwa mbu wao wenyewe, kama ilivyo kawaida yao. Hakuna kilichozoea chochote.

Daktari akaifuta taarifa nikiwa nimesimama pale. Kisha, kwa kuwa mwenye macho mazima angeiona rangi ya chujio, akaniuliza swali nililokuwa naliogopa kuliko yote: "Mama, macho yako yako hivyo tangu lini?"

Jibu jepesi lilikuwepo. Ningesema nilibabaika siku zile za rangi, na kosa lote lingebaki kwa mafundi. Lakini kusema ukweli kulikuwa na maana ya kukagua upya kazi yake yote, maana nani ajuaye ni mara ngapi misumari ilinidanganya? Alikuwa na masanduku ishirini ya vichupa, na matokeo ya mengine tayari yameshachapishwa kwa jina lake. Nilimtazama binti wa watu nikamwambia ni miaka miwili sasa.

Akakaa chini. Akaomba nimwache peke yake, nami nikaenda kusimama kwenye ngazi. Nilijua nimejikatia mwenyewe riziki yangu, na yake pia.

Kesho yake hakunifukuza, wala hakunisamehe. Alisema atakayeamua ni mkuu wa kitengo, baada ya masanduku yote kupimwa, na mpaka hapo nisiguse kiluwiluwi hata mmoja. Viluwiluwi wangu wanahudumiwa na mtu mwingine, Profesa, na nasikia anawalisha kupita kiasi. Mimi nimepewa kazi ya kutoa vichupa na kumpangia. Hospitali wamesema ni mtoto wa jicho, si jambo la kutisha, nitafanyiwa upasuaji Alhamisi, la kulia kwanza. Shemeji yako alinuna siku mbili kwa kutoambiwa. Wewe nuna ukipenda, lakini unijibu.

Juzi Ijumaa tulikuwa tumefika sanduku la kumi na moja. Yote kumi na moja yamekutwa safi, bila mbu aliyevuka, yamebaki tisa. Tulikuwa tunafanya kazi bila kusemezana, kama ilivyokuwa wiki nzima, mara Daktari akaacha kuandika.

"Ungesema ni siku za rangi tu," akaniambia, "ningekuamini."

"Najua," nikamjibu. "Ndiyo maana sikuweza kusema."

Kisha akavuta kiti kingine, akakiweka kando ya chake, akanionyesha nikae.

Nisalimie wifi, umwambie kitambaa alichonitumia nimeshonea gauni na limenikaa. Wabusu wanangu wote watatu, yule wa meno mara mbili. Baba mdogo anakusalimu na anauliza kama bado unatengeneza majokofu ama umepanda cheo. Mama mkubwa anakuombea kila siku, na safari hii nimemwomba aniingize na mimi.

Mungu akuepushe na homa, akufungulie njia ya kurudi nyumbani, na yale masanduku tisa ayasimamie mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,

Mama Mbu