Barua Niliyoikataa Mulangoni

Murara, Goma

Nsimire mujukuu wangu,

Nakusalimia, hata kama juzi ulinikatia simu. Barua haina kifungo cha kukatia, kwa hiyo leo utanisikia mpaka mwisho.

Kifua cha mama yako kinaendeleaje? Mutoto ameota meno? Mimi niko muzima. Goti la kushoto linaniuma nikipanda ngazi, lakini bado nafagia biro zote za Leta, hizi ofisi za serikali pale Himbi, chini na juu. Vumbi la mawe meusi ya huku linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Asubuhi nafuta meza, saa sita limekwisha kurudi. Habari ya goti usimwambie mama yako, atalia bure.

Sasa tuje kwa maneno yetu. Mama yako amenieleza yote. Ulikuwa unangojea kuwa titulaire, mukubwa wa kituo chenu cha afya, wewe ambaye umefanya kazi pale kupita wote. Daktari mukubwa akamuweka yule mwanaume aliyekuja juzi, ati wewe unanyonyesha. Barua ilipoletwa, uliirudisha. Ukakataa kutia sinyatire, sahihi yako, ukamwambia aliyeileta: «Mwambie mwenyewe ailete!» Mama yako alicheka mpaka akakohoa. Anasema, huyu ni koko wake kabisa, bibi yake mutupu.

Mimi sikucheka. Nsimire, umefanya ujinga, na ujinga huo naujua vizuri kwa sababu ulikuwa wangu mbele ya kuwa wako. Sikuwaeleza nyumbani kwa sababu ya haya. Wewe leo nakueleza.

Mwaka jana muzee Silvesta, aliyekuwa anapeleka barua za biro yetu, alimaliza miaka yake ya kazi, akaenda kupumzika. Kazi yake ina daraja juu ya yangu. Mimi ni agenti wa Leta, niko na matrikile yangu, namba ya kazi, na kila mara muzee Silvesta alipokuwa mugonjwa ni mimi nilipeleka zile barua. Haikupotea hata moja. Basi nikaomba hiyo kazi. Chefu akanijibu kwenye korido, watu wote wakisikia:

«Mama muzee, kupeleka barua ni kazi ya wanaume. Wewe mwanamuke utakimbia na magoti hayo?»

Nikamwambia: «Chefu, barua haikimbizwi. Inapelekwa.»

Watu wakacheka, na yeye akacheka, nikadhani nimeshinda. Kumbe kazi amekwisha kuitoa. Alimupa mwanaume mumoja ambaye ni mimi mwenyewe nilimuonyesha choo kiko wapi siku alipofika. Wiki moja ilipopita, Mama Odeta, sekretere wa chefu, akaniletea karatasi ya kusema ombi langu limekataliwa. Nilikuwa na ufagio mukononi. Sikuigusa.

«Irudishe,» nikasema. «Mimi sipokei matusi yaliyopigwa mashine.»

Wenzangu wakanipigia makofi. Siku ile nilirudi Murara natembea katikati ya barabara, motari wa pikipiki wanapiga honi, mimi sisogei.

Unajua namna yetu ya nyumbani. Watu walipokuja mara ya kwanza kuposa mama yako, babu yako aliikataa kasiksi yao, ile pombe ya ndizi, mulangoni. Walirudi nayo kichwani, na hakuna aliyeweza kusema kwamba tumeongea. Maneno yalikuwa hayajaanza. Walikuja tena musimu mwingine, na heshima yao, tukaanza upya. Basi mimi nikadhani karatasi ya Leta iko vilevile: kitu kilichokataliwa hakijafika. Nikangojea wailete tena kwa adabu. Nilingojea kama bibi arusi.

Hakuna aliyeleta kitu. Siku moja nilikuwa nafuta meza ya Mama Odeta, akaniuliza:

«Koko, malalamiko yako uliyapeleka wapi?»

«Malalamiko ya nini? Barua sijaipokea.»

Akaweka kalamu chini. «Koko! Siku zako zinaenda!»

Saa sita ileile aliniandikia malalamiko, mimi nasema, yeye anaandika, hata lile neno la magoti. Nikayapeleka kwa biro ya juu. Mama wa mezani akafungua rejista, akapitisha kidole.

«Hapa imeandikwa: amekataa kupokea. Kuna tarehe, kuna saa, kuna mashahidi wawili.»

«Mashahidi gani?»

Akanigeuzia rejista. Walikuwa walewale walionipigia makofi. Nilipowauliza, wakaniambia waliombwa kuandika kitu walichoona, na kweli walikiona.

«Mama,» yule wa mezani akasema, «huku kukataa ni kupokea. Siku zako zilianza palepale ulipoirudisha. Ulikuwa na miezi mitatu ya kulalamika. Umepitisha siku tisa.»

«Siku tisa! Na miaka yangu kumi na tisa ya kufagia?»

«Hiyo haiko kwenye rejista hii, mama.»

Jibu lilikuja, mistari miwili: nimechelewa. Hawakuandika kwamba chefu alikuwa na haki. Hawakuandika kwamba alinikosea. Neno la magoti halikusomwa na mutu. Hilo ndilo linaniuma kupita kazi yenyewe, Nsimire. Kama wangenisikiliza kisha wakanikatalia, ningenuna, ningelala. Sasa nafagia korido ileile, yule mwanaume anapita na barua zake, ananisalimia vizuri, si mutu mubaya, na mimi nasogeza ufagio apite.

Nimewaza sana juu ya makofi yale. Nilidhani nimemunyima chefu kitu. Kumbe kila siku niliyokaa na kiburi changu ilikuwa siku nimemupa yeye. Hakuhitaji hata kunijibu. Alihitaji tu mimi niendelee kukasirika nyumbani.

Na wewe uko umekaa nyumbani unakasirika. Mama yako anasema uliirudisha ile barua Jumatatu baada ya Pasaka. Nimehesabu kwa kalenda ya parokia, mara mbili. Hii yangu ikikufikia utakuwa umebakiwa na siku kumi na moja. Usiniambie ni nyingi. Kuna Jumapili ndani, na kuna siku mwenye kupokea atakuwa ameenda matanga.

Nenda uiombe ile barua. Tia sinyatire, andika na tarehe. Kuipokea si kuikubali. Kisha andika malalamiko yako. Wewe umesoma, mimi niliishia mwaka wa ine. Andika maneno ya yule daktari kama alivyoyasema, matusi yako yaache nyumbani. Fanya kopi mbili: moja wanabaki nayo, ya pili wanakupigia muhuri mbele ya macho yako. Wakikuambia «acha hapa, tutakuita», vuta kiti. Munyonyeshe mutoto palepale. Wataona upesi muhuri uko wapi.

Munisalimie mama yako, na aache kucheka. Baba mukwe wako mukatekista, aniombee goti. Dada yako mushonaji, mwambie kitenge changu kimekaa kwake mwaka muzima, anakishona au anakivaa? Na mume wako, ambaye najua ndiye alikusifu kwa kukataa, siku hiyo abaki na watoto wale wengine.

Barua hii naituma na Mama Vero, muuza samaki wa kwaya yetu, anapanda boti ya kuja kwenu kesho. Atarudi Goma Jumamosi. Usimupe jibu la barua, usimupe mboga ya sombe, usimupe samahani. Mupe fotokopi ya ile karatasi yenye muhuri, niione. Ile yenyewe usimupe mutu, hata mimi.

Koko wako,
Kostanza