Pindo Lililobaki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umesimama jikoni kama kawaida yako. Vidole vinasemaje? Dada ameniambia asubuhi bado vinakataa kukunjika. Huku sisi wazima, ila mjukuu wako anaota meno, hatulali.

Kazi ya kusuka inaendelea. Nyuzi tunazitoa kwenye migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, na rangi tunachemsha wenyewe, maganda ya vitunguu na magome. Baba wa mtoto ananitania eti siku hizi nanukia mchuzi usio na nyama. Mwezi uliopita nilichemsha magome kwenye sufuria yenye kutu, nyuzi zikatoka nyeusi tii. Nikalia. Mwenye karakana, tunamwita Bibi Sindano, akazigeuzageuza, kisha akaniambia ole wangu nikiisugua sufuria ile.

Weusi huo ndio niliousukia mkeka mkubwa wa kutundikwa ukutani kwenye maonyesho. Kila nikilowesha nyuzi nakukumbuka ukisuka pale ukumbini, mimi nimelala juu ya sehemu iliyokwisha, unanisukuma kwa goti nisogee. Maji yakinidondokea shingoni unacheka, unasema mtoto huyu ataota mizizi. Siku hizi na mimi namsukuma wangu kwa goti.

Lakini mama, ulipokuwa ukifika kwenye pindo, mimi nilikuwa nimeshapitiwa na usingizi. Pindo lako sikuwahi kuliona likisukwa. Najaribu, linajikunja kama sikio la mbuzi, nafumua. Bibi Sindano akasema basi tushone kitambaa kwa cherehani tumalize. Nikakataa.

Sasa usikasirike. Nimemwambia Bibi Sindano kwamba mwenye pindo lake anakuja, naye amekubali kungoja. Najua ulishasema kusuka basi, vidole vimekufa. Vidole ninavyo mimi. Wewe njoo ukae kwenye kiti, unigombeze kama zamani mpaka likae sawa. Usipokuja, mkeka utapigwa cherehani, na mimi sitakuwa na la kumfundisha huyu binti yangu. Kitanda tumeshakitandika, tena upande wa dirisha.

Nisalimie dada, mwambie akusindikize hadi kwenye gari wala asikusikilize ukianza visingizio. Mjukuu wako anakusalimu kwa meno yake mawili ya chini.

Ni mimi ninayekungoja,
Kitinda mimba wako