Kamera Imeganda, Mama Yuko Nyuma

Shoga, nusura nimuue mama yangu.

Jana mume wangu alifua mazulia ya gari. Akayarudisha mabichi, akapandisha vioo vyote, gari likashinda juani. Eti linukie vizuri!

Leo narudi nyuma kutoka uani, skrini ya kamera ikafanya ukungu kwa ndani, ikamwekamweka, ikaganda. IKAGANDA, unanielewa? Inanionyesha ua mtupu, kumbe mama ameshafika nyuma ya gari na fimbo yake. Aliligonga buti kwa fimbo: "We mtoto, unaniua!"

Nimekanyaga breki mpaka goti linauma.

Jirani yetu fundi umeme akaja, akabonyeza zulia, maji yakachuruzika. "Unyevu umepanda mpaka kwenye skrini. Nani alifunga vioo?"

Mwenye kufunga yuko barazani na kikombe chake. Unajua alisema nini? "Kwani shingo yako haigeuki?"

Mbele ya mama! Nilitaka kumrukia.

Mama akanitangulia: "Haya mkwe wangu, njoo usimame hapa nilipokuwa. Mkeo arudi nyuma tena, tuone shingo."

Hajasimama. Ameingia ndani kutafuta feni ya kukaushia mazulia.